Wigi la mama limepoteza mikunjo, nairudishaje nikiwa nyumbani bila kuliunguza?

binti_wa_mbagala

Habari zenu wapendwa, naomba msaada hasa kwa wasusi na wale mnaovaa mawigi kila siku. Mama yangu yuko kwenye matibabu ya saratani Ocean Road, nywele zilishatoka zote, dada yetu mkubwa akamnunulia wigi la mikunjo midogo midogo linalofika mabegani na mama kalipenda kwelikweli, kanisani nalo, kliniki nalo, kwenye daladala nalo. Sasa huko nyuma kisogoni limejifunga mafundo, ukipitisha kidole hakipiti, mikunjo ya pembeni imelegea inaning'inia tu, na ncha zimekakamaa zinamkwaruza shingo. Utosini na mbele bado liko vizuri ndo maana roho inaniuma kulitupa.

Nimeuliza saluni ya mtaani dada akasema nilete alipige pasi linyooke kabisa afu aliseti upya, jirani anasema chemsha maji uchovye, kwenye video kila mtu na lake. Boksi lilishatupwa, sijui kama ni nywele za binadamu au za plastiki, dukani Kariakoo walimwambia dada ni orijino, zaidi ya hapo hatujui kitu.

Mdogo wetu ana sendoff mwezi ujao na mama anataka alivae siku hiyo, kununua jingine saivi hatuwezi, hela yote inaishia kwenye dawa na nauli. Naomba mnisaidie nitajuaje ni la aina gani, maji yawe ya moto kiasi gani, na kitu gani nisiweke kabisa maana ngozi ya kichwa ya mama imekuwa laini mno hata mafuta ya kawaida yanamuwasha.

mdada_wa_tandika

Pole kwa kuuguza dada, Mungu amfanyie mama wepesi. Mbona rahisi, si ukisuka rasta unachovya ncha kwenye maji yanayochemka zinatulia, basi na wigi ndo hivyohivyo. Bandika sufuria, likichemka zamisha lote, hesabu mpaka thelathini, toa. Likikauka pakaa mafuta ya nazi lirudishe mng'ao.

mama_saluni_ya_uani

Jamani msilizamishe lote! Binti pole sana mwanangu kwa kuuguza. Mimi niko kwenye kazi ya nywele tangu enzi za kalikiti, ile dawa ya kukunja nywele, mawigi yamepita mikononi mwangu mengi, ngoja nikueleze usije ukaharibu.

Kuchovya rasta ni kweli kunafanya kazi na mdada hajakosea hapo, ila rasta ni uzi mtupu. Wigi lina kofia, ndani ya kofia kuna lastiki, kuna mistari ya nywele imeshonwa au imegandishwa kwa gundi, mbele kama ni la lesi, ule wavu mwembamba, kuna vifundo vidogo vimefungwa kimoja kimoja. Ukizamisha lote kwenye maji yanayochemka kofia inajikunyata, gundi inaachia, kesho mama analivaa linambana kwenye masikio au nywele zinatoka mistari mizima. Na la pili ambalo watu hawalifikirii, nywele za plastiki zikiingia kwenye joto zinashika umbo lolote zilizokuwa nalo muda ule. Kwaiyo kama bado lina mafundo kisogoni ukilichovya vile lilivyo, lile fundo nalo linaseti, halifunguki tena mpaka mkasi.

Na hiyo ya pasi usikubali kabla hujajua ni nywele gani. Pasi nyingi za saluni zinawekwa nyuzi 200 na kuendelea kwa ajili ya kunyoosha nywele za kichwani, plastiki ya kawaida ikigusa hapo inayeyuka papo hapo inanasa kwenye bati la pasi.

Anza na kuchoma. Chomoa nywele chache, usichukue sehemu moja tu maana siku hizi wanachanganya, juu wanaweka za binadamu chini plastiki, au zimechanganywa wigi zima. Chukua kisogoni, chukua juu ya sikio, chukua utosini, kila kifungu uchome peke yake. Toka nje, weka sahani ya bati chini na maji karibu, shika kwa kibanio cha nyusi sio kwa vidole, gusisha kiberiti. Ya binadamu inanuka ile harufu ya kuku anayebabuliwa manyoya, na majivu yake ukiyafikicha yanakuwa unga. Ya plastiki inajikunyata inayeyuka inaacha kidonge kigumu, na harufu ni ya ndoo iliyoungua. Kikitokea kidonge na unga pamoja basi ni mchanganyiko, na hapo unalihesabu kama plastiki kwenye mambo yote ya moto.

Usiruhusu mtoto awe karibu na usichome karibu na wigi lenyewe, plastiki inayowaka inadondoka na ikidondokea ngozi inang'ang'ania. Ukimaliza rudi hapa useme umeona nini.

mwalimu_kemia_moro

Mama Saluni kamaliza, mi niongezee kidogo sababu zake maana ukijua sababu hutahitaji kukariri kila video.

Mawigi ya bei ya chini na ya kati mengi ni uzi wa plastiki, kuna poliesta, kuna PVC, kuna modakriliki ambayo ndiyo ile Kanekalon, jina la uzi wa kampuni ya Kaneka ya Japani. Uzi wa namna hii ukipashwa moto unafika mahali haujayeyuka ila umelegea, kwa poliesta na PVC ni kama nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Hapo chembe zake zinaweza kusogea, na ukiwa umezungushiwa rola ukapoa ukiwa hapohapo kwenye rola, unaganda na lile umbo jipya. Maana yake maji ya moto ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kupoza. Watu wengi wanashindwa hapo, wanatoa rola nywele zikiwa bado na joto mikunjo inaporomoka afu wanadhani maji hayakuwa ya moto vya kutosha, wanaongeza moto, wigi linaungua.

Nywele ya binadamu ni habari nyingine kabisa. Ile ni protini, na imeshikwa na vifungo, aina mbili za kujua hapa ni hizi. Kuna vifungo dhaifu vya haidrojeni ambavyo maji peke yake yanavifungua, nywele ikikauka vinajifunga upya kwa umbo ililokuwa nalo wakati inakauka. Ndo maana ukiseti rola ukanyeshewa nywele inarudi ilivyokuwa, na kwa hali ya hewa ya Dar hata bila mvua ule unyevu unailegeza kidogo kidogo. Kuna vifungo vya salfa, hivi ni vigumu, maji hayaviwezi, dawa ya kalikiti ndiyo inavikata na ile dawa ya pili ya kugandisha inaviunga tena kwenye rola.

Plastiki haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwaiyo dawa ya kalikiti, stimingi ya mafuta, yai, parachichi, mafuta ya nazi, vyote hivyo kwenye wigi la plastiki haviingii ndani hata kidogo, vinabaki juu vinakamata vumbi na jasho. Kwa mgonjwa mwenye ngozi laini hiyo ni hatari zaidi ya faida.

binti_wa_mbagala

Asanteni mno jamani nimesoma yote. Nimefanya kama mama alivyosema, nimechoma nje kwenye sahani, vifungu vyote vitatu vimejikunyata vikaacha kidonge cheusi kigumu na harufu ni plastiki kabisa, hakuna unga popote. Kwaiyo lipo wazi.

Sasa sina kipimajoto, nyuzi 70 nazijuaje? Na rola ninazo za mama za zamani za kalikiti, zile nyembamba za rangi rangi zenye lastiki. Mafundo ya kisogoni ndo yananitisha, nikivuta nywele zinakatika.

wa_south_b

Hi binti, pole sana kwa mambo ya mum, quick recovery kwake. Mimi niko Nairobi na nina biashara ndogo ya kuosha na kufufua wigi za watu kwa nyumba, kipimajoto situmii, natumia hesabu ya vikombe.

Nyinyi huko Dar mko kando ya bahari maji yenu huchemka kwa 100. Ukichukua vikombe viwili vya maji yaliyochemka tu sasa hivi na kimoja cha bomba, na bomba ya Dar si baridi iko karibu 30 hivi, unapata kama 76. Ukichukua vitatu kwa kimoja unapata kama 82. Anza na hiyo ya mbili kwa moja. Sisi hapa Nairobi tuko juu mita elfu moja mia saba na kitu, maji huchemka karibu 94 na ya bomba ni baridi, so mimi hutumia tatu kwa moja ndio nifike 75. Nasema hivi kwa sababu video nyingi hukuambia tu tumia maji moto, na moto ya Nairobi, ya Mbeya na ya Dar sio moja. Changanya kwa jagi ya plastiki ngumu au ya bati uitumie hapo hapo, ukizunguka nayo nyumba nzima ishapoa.

Na please usidhani 76 ni ya mchezo, maji ya 70 hukuunguza kwa sekunde moja tu. Vaa glovu za kuoshea vyombo, fanyia bafuni chini sakafuni, si juu ya meza, si juu ya mapaja. Na usiwahi fanya hii kitu wigi ikiwa kwa kichwa cha mtu, hata kama ni ncha tu. Kuna watu wameungua mgongo wakichovya braids.

Kwa mafundo, weka maji lita moja kwa chupa ya kupuliza, ongeza kifuniko kimoja cha ile dawa ya kulainisha nguo, tikisa. Puliza kwa fundo mpaka ilowe, ngoja kidogo. Halafu usianze juu. Shika nywele kwa nguvu na mkono mmoja juu ya fundo, karibu na kofia, ndio kofia isivutwe, na mkono ule mwingine ufungue kwa vidole kutoka ncha ukipanda. Fundo kubwa ipasue katikati iwe mbili, hizo mbili ziwe nne, hivyo hivyo. Chanuo la meno mapana linakuja mwisho kabisa. Mimi hukaa na kisogo kimoja hata saa nzima nikiwa na chai kando, hapo ndipo kazi yenyewe iko, kuzungusha rola ni ya dakika.

Zile zenye zimekwaruzika kabisa, ukizishika ni kama zimeungua na zinajipinda pinda vidogo, hizo hazirudi. Ni jasho, kola ya nguo na msuguano. Kata sentimita moja au mbili, kata kwa kusimamisha mkasi wima usikate mstari, hakuna mtu ataona.

mama_saluni_ya_uani

Huyu dada wa Nairobi anajua kazi, msikilizeni. Hiyo ya vikombe nami naichukua.

Haya binti, ukishafungua mafundo yote, na nasema yote, usiingie kwenye maji ya moto na fundo hata moja, unaliosha kwanza. Beseni la maji ya kawaida ya bomba, shampuu kidogo ile isiyo na nguvu, unalizamisha unalisukuma chini unalinyanyua, usifikiche wala usikamue. Suuza maji mawili matatu mpaka povu liishe. Kofia ndani ndo kuna jasho na mafuta ya ngozi, pitisha vidole vyako pale taratibu. Ukilitoa lifunge kwenye taulo libonyeze tu.

Kichwa cha plastiki kama huna, geuza ndoo ndogo au chupa kubwa ya maji juu chini, livishe hapo. Sasa kabla hujashika rola angalia pale utosini ulikosema mikunjo bado mizima. Chukua msokoto mmoja uingize kalamu ndani yake, ikipwaya jaribu kitu kinene zaidi, ikibana jaribu chembamba. Kile kinachokaa sawasawa ndo unene wa rola unaoutaka, na mimi huwa nachukua nyembamba kidogo kuliko hapo kwa sababu mkunjo ukitoka kwenye rola unaachia kidogo. Usirole wigi zima! Utosini na mbele kama kuko sawa kuache, weka mfuko wa plastiki au kitambaa kikavu pafunike ili maji ya moto yasifike huko yakalegeza mikunjo ya kiwandani ambayo haina shida.

Unagawa kifungu kisichozidi upana wa rola yenyewe. Kichane kikiwa na unyevu, ncha uzifunge kwenye karatasi laini, zile za kalikiti kama zipo, kama hazipo kata karatasi ya chujio au kitambaa chembamba cha pamba, usitumie tishu itachanikia humo. Ncha ndo kila kitu, ukiiacha ikapinda kwenye rola itaseti imepinda na mkunjo mzima utaonekana umevunjika mwishoni. Zungusha kuelekea juu, usikaze sana hadi mstari wa kofia unyanyuke. Na angalia mwelekeo, mikunjo ya wigi haiendi upande mmoja, mingine imezunguka kulia mingine kushoto, ukiirole yote upande mmoja itaungana na kuwa wimbi moja kubwa badala ya mikunjo midogo midogo.

Jaribu kifungu kimoja kwanza, cha chini kabisa kisogoni kinachofunikwa na vingine. Mimina maji yako ya mbili kwa moja taratibu juu ya rola, isimamishe mbali na kofia kwa kuivuta kidogo na chanuo, maji yaanguke kwenye nywele sio kwenye lastiki. Mara mbili tatu hivi. Halafu papo hapo maji ya baridi, mengi. Acha kikauke, toa rola, kitikise. Mkunjo ukikaa, endelea na vingine. Ukilegea rudia kwa tatu kwa moja. Hata hiyo ukigoma basi huo uzi ni wa ile aina inayovumilia moto, maji hayautoshi, na hapo ndo utafute mtu mwenye pasi inayoandika nyuzi, aanze na 120 kwenye kifungu kimoja cha chini, asiruke kwenda juu.

Ukimaliza kumwaga maji baridi wigi zima liache hapo na rola zake kivulini penye upepo. Juani usianike, jua linapausha rangi. Draya ya moto usiwashe. Siku inayofuata gusa ndani ya rola kwa kidole, ikiwa na unyevu hata kidogo iache. Na kofia nayo ikauke kabisa, kwa joto letu hili na unyevu wa huku pwani kofia mbichi inafanya ukungu, mama hatakiwi kuvaa kitu chenye ukungu kichwani.

Ukitoa rola usichane. Chanuo likipita kwenye mikunjo mipya unarudi kulekule ulikotoka. Tenganisha kila msokoto kwa vidole, mmoja uwe miwili au mitatu, basi.

mama_wa_kigoma

Binti nimekusoma moyo ukanigusa, mimi nilipitia hayohayo ya mama yako, nikavaa wigi kipindi chote cha dripu. Kuna mambo wenzangu wa saluni hawawezi kuyajua naomba niyaseme.

Hiyo dawa ya kulainisha nguo, dada wa Nairobi yuko sawa kwa nywele, lakini ukiwa kwenye dripu pua inakuwa kali sana, harufu ambayo wewe huisikii mgonjwa inamtapisha. Kama utaitumia kwenye mafundo itumie kidogo kisha suuza mpaka ukilinusa halinuki kitu chochote, na ukishaliseti litundike nje kivulini lipigwe upepo mpaka mama mwenyewe alinuse aseme sawa. Kama kuna ile isiyo na harufu chukua hiyo. Shampuu ya mtoto mchanga ilinifaa zaidi ya zote.

Gundi ya lesi asipake, hata ile wanayosema ya ngozi laini. Utepe wa kubandika nao aache. Chini ya wigi avae kikofia cha pamba, mimi nilishona kwa fulana ya zamani, kinazuia wigi lisisugue ngozi na kinanyonya jasho, hata wigi lenyewe linakaa muda mrefu bila kuoshwa. Usimpulizie spreyi ya kung'arisha likiwa kichwani. Akiona vipele au wekundu aseme kliniki siku akienda, asingoje.

Na jikoni. Wigi la plastiki usimwache apulizie mkaa au ainamie jiko la gesi nalo, wala kufunua sufuria ya wali ule mvuke ukampiga usoni. Mikunjo ya mbele inakakamaa mara moja, hiyo ndiyo ndogo, kubwa ni kwamba plastiki ikishika cheche inayeyukia kwenye paji la uso. Nyumbani avae kilemba au ajifunge khanga, wigi aliweke kwa kutoka. Kisogo chake kitapumzika pia, maana ni kiti cha daladala na mto wa kulalia ndivyo vinavyofanya yale mafundo.

Mwambie mama nywele zinarudi. Zangu zilirudi na mikunjo ambayo sikuwahi kuwa nayo maishani, daktari akaniambia inatokea kwa wengi, baadaye huwa zinabadilika tena taratibu.

pwani_ya_tanga

Samahani naingilia kidogo mada ya dada. Mimi langu nimechoma ni unga mtupu, la binadamu, lilikuwa na mawimbi mazuri nikaliosha limebaki limenyooka na linajifunga funga. Maji ya vikombe nami nifanye?

mama_saluni_ya_uani

Hapana mwanangu, wewe maji ya moto ya nini. Kama mwalimu alivyosema hapo juu, lako linaseti kwa maji ya kawaida na kukauka. Lioshe kwa maji vuguvugu, weka kondishena kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, suuza, zungushia rola likiwa bichi, na hapo ndo draya ya kofia inaruhusiwa kwa moto mdogo mpaka likauke hadi ndani. Litakaa vizuri mpaka utakapoliosha tena au mpaka unyevu wa Tanga uliingie. Ukitaka kutumia pasi usizidishe 180, na kama limewahi kupakwa rangi shuka mpaka 150 maana nywele iliyopakwa rangi ishachoka.

Yale mawimbi yaliyopotea baada ya kuosha inawezekana yalikuwa ya mvuke wa kiwandani, na huko kujifunga ni ile silikoni wanayopaka kiwandani imetoka, chini yake nywele nyingi zilishachunwa magamba kwa asidi ziwe laini dukani. Ukikuta mtu anakwambia alitie dawa ya kalikiti ili mikunjo ikae milele, mkatalie. Nywele ya kichwani ikikatika inaota, ya wigi haioti, na ile ishapitia dawa mara ya kwanza kabla hujainunua. Nimekataa kazi hizo mara nyingi na wateja wamenunia, lakini siwezi kuchukua hela ya mtu nimrudishie kofia tupu.

binti_wa_mbagala

Mungu awabariki sana, mama wa Kigoma nimemsomea mama ujumbe wako kafurahi mno anakusalimia. Kifungu cha majaribio cha kisogoni kimekaa kwenye mbili kwa moja, jumamosi naendelea na vilivyobaki. Swali dogo la mwisho, akiwa halivai aliweke vipi, maana saivi analikunja analiweka kwenye mfuko wa rambo.

wa_south_b

Mfuko hapana, mikunjo inalaliana na huko ndani joto linabaki. Mvishie hata kwa hiyo chupa kubwa ya maji uliyotumia kwa rola, weka mbali na dirisha la jua na mbali na jiko, funika na skafu nyepesi ya vumbi. Akisafiri aligeuze kofia nje nywele ziwe ndani, aliweke kwa boksi ya viatu, usijaze kitu juu. Na mpe ile chupa ya kupuliza lakini iwe na maji tupu, akirudi jioni apulize kisogoni kidogo, apitishe vidole, alitundike. Akifanya hivyo kila akivua hutarudi kwa mafundo haraka. Salimia mum.